Bima ya Kifo cha Efrazia

Sehemu ya Saba

Mogesi Werema alikuwa amemkatia mke wake bima ya kifo, na ndugu watatu wa mke huyo walikuwa wamesimama mlangoni na fimbo zao.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumapili iliyopita, bakuli la uji mkononi. Uji sasa umepoa, na wageni bado hawajaketi.

Mkubwa wao aliitwa Nyangwine. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Kenyamonta, akavuka Mto Mara maji yakiwa kifuani, wadogo zake wawili nyuma yake, ili aje kuuliza swali moja tu. Alikataa maji ya kunywa. Alikataa kigoda.

"Shemeji, dada yetu akifa unapata shilingi ngapi?"

Mogesi alijibu kweli, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza siku ile.

"Elfu tatu. Lakini sizipati mimi. Wanapata walionikopesha."

Nyangwine hakusikia ile sehemu ya pili. Aliwageukia wadogo zake. "Mmesikia. Elfu tatu."

Mogesi alikuwa karani wa mnada wa ng'ombe pale Tarime, kwa hiyo hesabu ilimjia kichwani bila kuitwa. Ng'ombe mzuri mwaka ule wa 1957 alikuwa shilingi mia na ishirini. Elfu tatu ni ng'ombe ishirini na watano. Na Efrazia alimwoa kwa ng'ombe ishirini na wawili. Kwa hesabu za mnadani, Efrazia maiti alikuwa anamzidi Efrazia mzima kwa ng'ombe watatu. Aliangalia uso wa Nyangwine akaona kwamba huko Kenyamonta nako wanajua kuhesabu.

Habari zilifikaje Kenyamonta? Zilifika kwa njia inayofikisha habari zote. Mtu wa kule alileta fahali mnadani, akauza, akaenda kunywa, na pale kilabuni akamkuta wakala wa bima akijisifu kwamba watu wa Tarime wameendelea sana, mpaka wanawakatia wake zao bima.

Msomaji uliyechelewa, mambo yalianza hivi. Mwaka mmoja nyuma, Mogesi alipewa mkopo na ofisi ya mikopo ya nyumba ya Musoma. Serikali ilitaka mji uwe na nyumba za bati, na Mogesi alikuwa na mshahara. Akajenga nyuma ya soko nyumba ya vyumba vinne, bati juu, saruji chini. Alikubali kurudisha shilingi thelathini kila mwezi kwa miaka kumi.

Saruji haijakauka, akatokea mtu juu ya baiskeli, mkoba wa ngozi umefungwa nyuma kwa mpira. Jina lake Athanas, kwao Bukoba, wiki sita tu tangu ahamie Tarime. Alisema bila bima hakuna mkopo. Mtu akifa kabla ya kumaliza deni, alisema, kampuni inalimaliza, na familia inabaki na nyumba yake.

Kisha akafungua kalamu, akauliza maisha ya nani yawekewe bima.

Mogesi hakukurupuka. Alifikiri kama Mkurya mwenye akili. Kwetu mji ni wa mwanamume, lakini nyumba ni ya mwanamke. Ukiuliza watoto hawa ni wa nyumba gani, unatajiwa mama yao. Mwanamume akifa, nyumba inasimama, maana ndugu yake anaingia na maisha yanakwenda. Mwanamke akifa, nyumba hiyo imekwisha, hata kama kuta zipo. Sasa bima ni ya kulinda nyumba. Basi bima iwekwe pale nyumba ilipo.

"Efrazia," alisema.

Athanas hakujua mila za Wakurya. Alijua kamisheni yake. Akaandika Efrazia, shilingi sita kwa mwezi, akapanda baiskeli.

Na leo matunda ya akili ile yalikuwa mlangoni, yameshika fimbo.

Nyangwine alisema maneno machache. Dada yao hatalala tena chini ya bati lile. Afunge mizigo yake, wanaondoka naye, na Mogesi atafute mke mwingine wa kumuuza kwa karatasi.

Efrazia alitoka jikoni akifuta mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo, na alikuwa amesoma misheni mpaka darasa la nne. Aliwasalimu kaka zake mmoja mmoja kama vile wamekuja harusini. Halafu akauliza:

"Na ng'ombe?"

Nyangwine alihamisha fimbo mkono wa pili.

Ng'ombe ishirini na wawili walikuwa wamekwisha kwenda. Kumi na wawili walimwoa mke wa mdogo wa kwanza. Kumi walitangulizwa kwa mke wa mdogo wa pili. Ili wamrudishe dada yao nyumbani, ilibidi wale wadogo wawili wawarudishe wake zao makwao. Wadogo walianza kuangalia bati. Mmoja alisema ni bati zuri.

Nyangwine alikohoa, akaegemeza fimbo ukutani, akaketi. "Kwanza tusikilizane," alisema.

Efrazia aliwapa uji, kisha akaingia ndani akaleta kisanduku cha bati, na ndani yake ile barua ya mkopo kutoka Musoma. Aliisoma yote kwa sauti, pole pole, kidole kikifuata mstari, kutoka jina la mkopaji mpaka mhuri. Alipomaliza alimtazama mume wake.

"Hapa hakuna neno bima."

"Athanas alisema ni lazima."

"Athanas hakuandika barua hii."

Nyangwine alimtuma mdogo wake mmoja akamlete huyo Athanas. Hakufafanua amlete vipi, kwa hiyo kijana alimleta na baiskeli yake, mtu mkono wa kulia, baiskeli bega la kushoto. Athanas alipowekwa chini alirekebisha tai, akaomba radhi kwa kuingia bila kubisha hodi.

Mogesi alimuuliza kwa nini alimdanganya.

"Sikudanganya sana," Athanas alisema. "Ukimwambia mtu kitu ni hiari, hasikilizi mpaka mwisho."

"Kwa hiyo siyo lazima?"

"Siyo lazima. Ukitaka, tufute leo hii. Mkopo wako utabaki vile vile, nyumba itabaki vile vile. Ila siku ukifa, Bwana Mogesi, Musoma watamwandikia mama hapa barua mbili. Ya kwanza ya pole. Ya pili itamuuliza analipaje. Akishindwa miezi mitatu, nyumba inakwenda mnadani."

Neno hilo mnadani lilimshika Mogesi pabaya. Aliuona ukuta wake umepakwa namba kwa chokaa, kama paja la ndama, na watu wa Shirati na Sirari wakiuzunguka wakiupiga piga kwa fimbo. Na karani mwingine, labda yule mjinga wa Nyamwaga, akiandika: nyumba moja, bati, haina kilema.

Efrazia alikuwa na swali lake. Aliuliza, akifa yeye leo inakuwaje. Athanas akasema deni lote linalipwa, Mogesi anabaki na nyumba safi. Akauliza tena, na Mogesi akifa leo?

"Hakuna kitu, mama. Unabaki na deni."

Efrazia aliikunja ile barua mara mbili. Kaka zake wakaacha kunywa uji, maana walimjua tangu utotoni na walijua utulivu ule unatangulia nini.

"Baba Christina, wewe ulifikiri nini?"

Mogesi alieleza. Alieleza vizuri kabisa, mji wa mwanamume, nyumba ya mwanamke, ndugu anaingia, maisha yanakwenda. Wadogo wawili walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Hata Nyangwine aliona ni maneno ya mtu mzima.

"Mshahara unaolipa Musoma ni wa nani?" Efrazia aliuliza.

"Wangu."

"Basi nyumba hii imesimama juu ya mshahara wako. Mimi nikifa utaoa mwingine, na shilingi thelathini zitaendelea kwenda Musoma kila mwezi kama kawaida. Ukifa wewe, anakuja mdogo wako Simioni kunirithi, mimi na watoto watatu na deni. Na Simioni hajawahi kulipa hata deni la pombe."

Hapakuwa na mtu wa kumtetea Simioni.

Nyangwine alifikiri mpaka jasho likamtoka. Kisha akatoa hukumu. "Basi shemeji, afadhali ufe wewe."

"Kwenye karatasi," Athanas aliongeza haraka.

"Kwenye karatasi. Siwezi kukutakia mabaya. Umetulipa vizuri."

Wote walifurahi. Athanas alisema kubadilisha kunawezekana. Itakuwa shilingi kumi kwa mwezi, maana mwanamume hufa mapema kuliko mwanamke, na pia atahitaji cheti cha daktari. Mambo yalikuwa yamekwisha. Shemeji walikuwa wameanza kuulizia kuku.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa, akaingia Rhobi.

Rhobi alikuwa mama yake Mogesi. Alikaa kibanda cha pili, ukuta wa jirani, na masikio yake yalikuwa hayajazeeka. Wageni walisimama wakampa shikamoo kwa pamoja. Hakuitikia.

"Ni nani humu anayetaka mwanangu afe?"

Ilichukua muda mrefu. Mogesi alieleza, Athanas akaeleza zaidi, Efrazia akaeleza mara ya tatu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika jambo moja na hakuliachia.

"Mwanangu akifa, pesa inatoka. Anakula nani?"

"Hapa nyumbani hakuna anayekula, mama," alisema Athanas. "Inakwenda moja kwa moja Musoma kulipa deni."

"Pesa itoke kwa sababu mtoto wangu amekufa, na asiwepo mtu wa kuila?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Wewe umesoma na bado unaniambia maneno haya." Alimwonea huruma kweli. "Kama hakuna wa hapa anayekula, basi huyo wa Musoma ndiye mchawi. Na kama kuna mtu wa hapa anayemsaidia, yuko jikoni."

Hakumtaja Efrazia. Hakuhitaji. Alichukua kigoda chake, akakipeleka jikoni kwa mkwe wake, akakaa kando ya mafiga, na pale akabaki.

Sasa, msomaji, tazama nyumba ya saruji ilivyokuwa kuanzia Jumapili ile mpaka Jumatano.

Sebuleni walikaa ndugu watatu, wakimlinda Efrazia asiuawe na mume wake. Walisema hawaondoki mpaka karatasi ibadilishwe. Jikoni alikaa Rhobi, akimlinda Mogesi asiuawe na mke wake. Kila ugali ulipoiva alionja kwanza yeye, na hakuonja kama ndege. Mboga alionja, maziwa alionja, hata maji ya kuoga aliyanusa. Chakula kilipomfikia Mogesi kilikuwa nusu, na kimepoa.

Katika nyumba nzima, watu wawili tu hawakumwogopa mtu, Mogesi na Efrazia. Na hao ndio waliokuwa wakiteka maji, wakichanja kuni na kutafuta mboga ya kuwalisha walinzi.

"Nikifa kweli mwezi huu," Mogesi alimnong'oneza mke wake uani, "ni njaa."

"Vumilia," alisema Efrazia. "Ukishaandikwa kufa watatuacha tuishi."

Jumatano asubuhi Mogesi alivaa shati jeupe akaenda hospitali. Alikwenda kwa moyo mwepesi. Alikuwa na miaka thelathini na minane, meno yote kinywani, na tangu arudi kutoka vitani hakuwahi kulala kitandani kwa homa hata wiki moja. Kuna kuchoka kidogo akipanda mlima. Lakini nani hachoki akipanda mlima?

Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka. Alimwambia avue shati. Aliweka kile chombo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza tena. Haraka ilikuwa imemwisha. Alivuta kiti akaketi, akamwambia Mogesi alale ubavu wa kushoto, akasikiliza mara ya tatu, macho amefumba.

"Ulipokuwa mtoto uliwahi kuvimba magoti? Na homa?"

Mogesi alikumbuka. Mama yake alimfunga majani. Yalipona.

"Magoti yalipona," daktari alisema. "Moyo haukupona. Una kama mlango ndani yake, na mlango huo haufungi. Umekuwa hivyo miaka mingi."

"Kuna dawa?"

"Ya kukusaidia kidogo, ipo. Ya kufunga huo mlango, hapa hakuna."

Mogesi alivaa shati. Alifunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni, kabla ya kuuliza lile lililobaki. Daktari hakutaka kusema, lakini Mogesi alikuwa mtu wa mnada, na mtu wa mnada hawezi kuondoka bila kusikia bei.

"Wa namna yako niliowaona wamekwenda miaka mitano," daktari alisema. "Wengine wamezidi. Usibebe mizigo. Usipande milima. Usikasirike."

"Nina shemeji watatu wamehamia sebuleni."

"Jitahidi," alisema daktari, akaandika cheti.

Athanas alikisoma cheti hicho kibarazani kwa Mhindi alipopanga chumba, baiskeli imeegemezwa dirishani. Alikisoma mara mbili. Kisha alikikunja kwa uangalifu, akamrudishia Mogesi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuwa na neno la kuuza.

"Hawatakuchukua," alisema mwishowe. "Kampuni haichukui moyo wa namna hii. Hata kwa shilingi hamsini kwa mwezi hawauchukui."

"Hata nikisema sikumwona daktari?"

"Bila cheti hawafungui barua."

Mogesi aliangalia barabarani. Mwanamke alipita na kikapu cha ndizi, akamsalimu. Aliitikia vizuri tu. Halafu akakumbuka jambo.

"Mwaka jana ulipokuja kwangu, hukutaja daktari."

Athanas alivua kofia, akaishika magotini. Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husema kweli.

"Mwaka jana hawangekupima. Mkopaji mpya akiweka bima ndani ya siku thelathini, hapimwi. Ndiyo kanuni yao. Ningeandika jina lako siku ile, ungekuwa umeingia. Moyo huu ungekuwa mzigo wao, siyo wako."

"Na uliniandikia Efrazia."

"Uliniambia Efrazia. Nilijua nyumba za watu huku zina mambo yake, nikaona nisikuulize."

Msomaji, ningependa kukuambia kwamba Mogesi alimkamata shingo. Hakumkamata. Alikuwa ameambiwa asikasirike, na alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Aliuliza tu kama bima ya mke wake bado ni nzima. Athanas akasema nzima kabisa, tena mwanamke yule atatuzika sote. Mogesi akamwambia aifute. Na zile pesa za mwaka mzima, atarudishiwa?

"Zile zilimlinda mwaka mmoja."

"Hakufa."

"Ndiyo. Angekufa ungepata faida."

Mogesi alirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayehesabu hatua zake. Daktari alisema asipande milima, na Tarime yote ni mlima. Alisimama mara tatu. Kila aliposimama alijifanya anatazama mahindi ya watu.

Walikuwa uani wote wanamngoja. Rhobi na mwiko mkononi. Nyangwine na wadogo zake, mizigo tayari imefungwa, wanangoja neno moja waende zao. Efrazia kwenye ngazi ya saruji, mtoto mdogo kiunoni.

"Wamekubali?" aliuliza Nyangwine.

Mogesi aliwapitia nyuso. Akisema kweli, mama yake ataanza leo hii kumpeleka kwa waganga, na atasema ile karatasi ya Efrazia ndiyo iliyomla moyo, na atasema hivyo sokoni. Akisema kweli, Nyangwine atapata sababu mpya ya kumchukua dada yake, na safari hii hata ng'ombe hawatamzuia. Akisema kweli, kabla ya Jumapili Simioni atakuja kupima vyumba kwa hatua.

Na Efrazia atajua.

"Wamekubali," alisema.

Shangwe ilikuwa kubwa. Nyangwine alimkumbatia. Alisema lazima achinjwe mbuzi, na kwa kuwa yeye ni mgeni, mbuzi atakuwa wa mwenye mji. Wakanunua beberu sokoni, wakamchinja, wakamchoma pale pale uani. Rhobi alionja wa kwanza, akamega kipande kikubwa cha paja akampa Efrazia kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu harusi. Walikuwa wamepatana. Kilichowapatanisha ni karatasi ambayo haikuwepo.

Nyangwine alisimama na mfupa mkononi akatoa hotuba fupi. Aliishukuru familia ya Werema. Alisema shemeji wengi wanaahidi mambo, lakini shemeji aliyekubali kufa kwa ajili ya dada yao ni huyu tu. Watu walicheka. Mogesi alicheka pamoja nao, kidogo, kwa sababu kucheka sana nako kulimchosha.

Jua lilikuwa bado juu wageni walipoondoka. Rhobi alibeba kigoda chake akarudi kwake. Nyumba ikawa na nafasi tena.

Efrazia aliingia chumbani akatoka na kopo la pesa za chakula.

"Bima mpya ni shilingi ngapi kwa mwezi?"

"Kumi."

Alihesabu kumi, sarafu moja moja, akaziweka kiganjani mwa mume wake na kukifunga kiganja kile kwa mikono yake miwili. "Nilikuwa naogopa," alisema. "Sikukuambia, lakini nilikuwa naogopa. Sasa siogopi."

Mogesi alizitia sarafu mfukoni.

"Hati iko wapi?"

"Wanaiandika. Inakuja."

"Kesho nakwenda sokoni. Nitapita kwa Athanas niichukue mwenyewe. Safari hii nataka kuisoma kabla hujaifungia sandukuni."

Kesho yake, pale mnadani, ng'ombe walichelewa kufika. Mogesi aligeuza fomu moja tupu, akaandika nyuma yake kwa ule mwandiko wake wa kikarani.

Bima ya Efrazia, shilingi sita kwa miezi kumi na miwili: sabini na mbili. Daktari: kumi na tano. Beberu: ishirini na mbili. Jumla shilingi mia moja na tisa, zimekwenda.

Deni lililobaki Musoma, pamoja na riba: elfu tatu mia mbili na arobaini.

Akizichukua zile kumi za Efrazia kila mwezi, akaziongeza juu ya thelathini, atakuwa analipa arobaini. Kwa arobaini, deni litakwisha baada ya miezi themanini na mmoja.

Miaka mitano ya daktari ni miezi sitini. Sitini mara arobaini ni elfu mbili na mia nne.

Alitoa. Akarudia kutoa, maana makarani hurudia. Zilibaki shilingi mia nane na arobaini, na miezi ishirini na mmoja ya kuzilipa bila yeye.